Seli kuwa bize siyo lazima iwe kansa: nilichowaambia watu wa Tanga

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wale wengine habari za jioni. Wazee wangu shikamooni. (Haya ni mazungumzo niliyoyatoa hapa Tanga mjini, waliokosa wakaomba niyaandike, nimeyaacha vilevile yalivyotoka mdomoni, nilichopunguza ni vile vichekesho ambavyo hamkucheka.)

Mimi mtoto wa Ngamiani, wengine hapa tumekua wote, na kazi yangu ni maabara ila siyo ile ya kutobolewa kidole. Mimi nashughulika na vinyama. Daktari akikukata kauvimbe au akikunyofoa kipande kidogo kwa ajili ya vipimo, kile kipande kinaletwa kwetu ndani ya kichupa chenye fomalini, dawa ya kukizuia kisioze, tunakipitisha kwenye spiriti, tunakigandisha kwenye nta, alafu tunakikata kwa mashine vipande vyembamba vya maikroni 3 au 4, yani ni chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele wako. Kwenye slaidi hakionekani kitu, ni kama hamna. Mpaka kipakwe rangi. Na rangi yetu kubwa ni hematoksilini, asili yake ni gogo la mti wa Amerika ya Kati, na yenyewe peke yake haishiki vizuri, inataka shabu. Shabu hii hii, ya kinyozi. Ikishachanganywa na shabu inaenda moja kwa moja kwenye kiini cha seli inakifanya cha bluu ya zambarau, kinachobaki tunakipaka eosini kinakuwa cha pinki. Kwa hiyo mtu wa kazi yangu maisha yake yote anaangalia vidoa vya zambarau, na humo ndani ya hivyo vidoa ndo kuna habari niliyokuja nayo leo.

Maana kila nikikaa barazani swali ni lilelile. "Dada, we si mtu wa maabara, kwa nini hamna kipimo kimoja cha damu kinaniambia kansa ninayo au sina, basi tukamaliza?" Na wengine wameshalipa hela kwa wale wenye mashine ya kushika kwa mkono dakika mbili inakutolea karatasi ya magonjwa yote kuanzia figo mpaka wivu. Sitaki kuongelea hizo mashine, zinanipandisha presha. Ila swali lenyewe ni zuri sana, na jibu lake limo kwenye protini za ndani ya kiini.

Tuanze na seli iliyotulia. Hapo ulipokaa, seli zako nyingi hazigawanyiki. Za ubongo, za misuli ya moyo, za ini, zimetulia zinafanya kazi zake. Ndani ya kila kiini kuna DNA ambayo ukiinyoosha inafika kama mita 2, na kiini chenyewe kina upana wa maikroni 6 hivi mpaka 10. Inaeneaje? Kuna protini zinaitwa histoni, zinakaa nane nane, na DNA inazungushwa juu ya hilo fungu la nane, herufi 147 kwa kila fungu, alafu linafuata lingine, na lingine, mamilioni. Histoni ni za zamani kujulikana, Albrecht Kossel alizitoa mwaka 1884 kwenye damu ya bata bukini, kwa sababu seli nyekundu za ndege zina viini, zetu sisi zikishakomaa hazina. Kwenye ukuta wa kiini kwa ndani kuna protini nyingine zinaitwa lamini, zimejisuka kama wavu, ndo zinakipa kiini umbo lake. Seli iliyotulia kiini chake ni kidogo, cha duara au yai, na ukiangalia jirani yake ni vilevile. Kwa maikroskopu inachosha kuangalia. Na mimi nikichoka namna hiyo nafurahi kwa niaba ya mgonjwa.

Sasa seli ikiambiwa igawanyike. Hapa mnivumilie kidogo maana ndo utamu.

Kwanza zinapanda protini zinazoitwa saiklini. Zinajengwa, zinajaa, zinafikia kiwango, alafu zinabomolewa ghafla, kisha mzunguko mwingine zinajengwa upya. Aligundua Tim Hunt mwaka 1982 Marekani pale Woods Hole, na alikuwa anachunguza mayai ya yule kiumbe mweusi mwenye miiba mirefu anayetuchoma miguu kwenye mawe maji yakipwa, mnamjua wote, wa jamii ile ile. Mwaka 2001 yeye na Hartwell na Nurse wakapewa Nobeli. Saiklini zikishika vimeng'enya vyake, seli inaanza kunakili DNA yote, na hapo lazima itengeneze histoni mpya za kutosha nakala ya pili, kwa hiyo histoni zinaongezeka maradufu ndani ya saa chache. Kuna protini nyingine inaitwa PCNA, hii ina umbo la pete, inavishwa kwenye DNA na inateleza nayo huku ikikishikilia kimeng'enya kinachonakili kisidondoke. PCNA ilijulikana mwaka 1978 kupitia damu ya wagonjwa wa lupusi, miili yao ilikuwa inaishambulia hiyo protini, na watu wakashangaa mbona inaonekana tu kwenye seli zinazogawanyika.

Nakala ikikamilika, zile lamini zinabandikwa fosfeti, kikemikali kidogo tu, na ule wavu wote unaachana, ukuta wa kiini unapotea, hamna kiini tena! Histoni namba H3 nayo inabandikwa fosfeti, DNA inajikusanya inakuwa kromosomu zile za kwenye vitabu vya form four. Na hapo inaingia Ki-67, protini ambayo sisi maabara tunaitaja kila siku, inajipaka juu ya kila kromosomu ili zisigandane. Ilipatikana mwaka 1983 Ujerumani mji wa Kiel, Ki ni huo mji na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya majaribio, hakuna siri nyingine hapo. Seli ikigawanyika kwenye vyombo vya maabara, mzunguko mzima ni kama saa 24 na hii hatua ya mwisho ni kama saa moja tu. Ikiisha, lamini zinajisuka tena, viini viwili, na kama hakuna kazi ya kugawanyika tena Ki-67 inapotea kabisa.

Mtu akisikia hivyo anasema, basi si imekwisha, tafuta Ki-67 umepata kansa.

Hapana. Na hapa ndo nataka mnisikilize. Hivi sasa utumbo wako unabadilisha ngozi yake ya ndani kila baada ya siku chache, uboho wa mifupa unatoa seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, mizizi ya nywele inagawanyika, ngozi ya chini inagawanyika, ukijikata na kisu cha jikoni pale kwenye kidonda seli zinagawanyika vibaya mno. Zote hizo zina Ki-67, PCNA, saiklini, kila kitu. Sisi maabara tukipaka Ki-67 kwenye kinyama cha mgonjwa, yani rangi ya kahawia inayonasa pale tu penye protini hiyo, tunaweka pembeni kipande cha tonsili ya mtu mzima wa afya kama kipimo cha kujihakikishia kwamba rangi imeshika, na hicho kipande cha tonsili katikati ya vile vimviringo vyake kinakuwa cha kahawia tii, karibu kila seli. Ukimwonyesha mtu asiyejua atakwambia hii ni kansa mbaya sana, kumbe ni tonsili tu inatengeneza kinga. Na ndo maana dawa za kansa zinazoua seli zinazogawanyika zinanyoa nywele na kuharisha watu na kushusha damu, dawa haijui hii ni nywele na hii ni kansa, inaona zote ziko bize.

Kwa hiyo protini za kansa ni zipi? Kwa sehemu kubwa ni zilezile. Kansa haikuleta mitambo ya kigeni, inatumia mitambo yako ya kugawanyika. Tofauti iko kwenye mpangilio, nani kagawanyika wapi na lini na kwa kiasi gani, na kwenye zile protini za kuzuia ambazo zimeharibika.

Za kuzuia nitataja mbili. Moja ni RB. Hii inakamata protini zinazowasha jeni (yani vipande vya DNA vyenye maelekezo) za kunakili DNA, inazishikilia mpaka seli ipate ruhusa halali. Jina limetokana na kansa ya jicho la mtoto, na Alfred Knudson mwaka 1971 alieleza kwamba lazima nakala zote mbili za jeni ziharibike, ya baba na ya mama. Wazazi nikipita hapohapo, ukimpiga mtoto picha na flashi ukaona jicho moja mboni inang'aa nyeupe wakati lingine liko sawa, usiseme simu mbovu, mpeleke hospitali wiki hiyohiyo.

Ya pili p53, iligunduliwa 1979. Sisi watu wa Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo, basi p53 kwenye seli ya kawaida ndo tabia yake, inatengenezwa na ndani ya kama dakika 20 nusu yake imeshabomolewa, kwa hiyo ukiipaka rangi unaona madoa hafifu hapa na pale. DNA ikiumia, inaachwa ikae, inajaa, inasimamisha seli isigawanyike mpaka ukarabati uishe, na ukishindikana inaiamuru seli ife. Kwenye karibu nusu ya kansa za binadamu jeni yake imeharibika. Na kinachowachanganya wanafunzi wangu ni hiki, p53 mbovu mara nyingi haipungui, inaongezeka, kwa sababu iliyoharibika haibomolewi tena, inarundikana kwenye kiini na haifanyi kazi, slaidi nzima inakuwa ya kahawia iliyokolea. Au kinyume chake, hakuna hata seli moja iliyoshika, patupu. Yote mawili ni habari mbaya, ile ya madoamadoa ndo ya kawaida. Tembo wao wamekutwa na nakala kama 20 za jeni hiyo kutoka kwa kila mzazi wakati sisi tuna moja tu kwa kila mzazi, utafiti wa 2015, na wana seli nyingi kuliko sisi lakini kansa kwao ni adimu. Wale wa Saadani wanakuja mpaka ufukweni wanatembea na hazina hiyo yote bila kujua.

Sasa nilete nyumbani, maana kuna kipimo cha protini za kiini ambacho dada zangu na shangazi zangu wengi hapa mmeshafanyiwa na hamkuambiwa kwamba ndo hicho. Kipimo cha siki.

Muuguzi anapaka siki nyepesi, asidi ya asetiki ya asilimia 3 mpaka 5, kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja, alafu anaangalia kwa macho na taa. Anaangalia nini? Siki inagandisha protini kwa muda, hasa hasa zile za kwenye viini. Ngozi ya kawaida ya pale, seli za juu zina viini vidogo vimekaa mbalimbali, protini chache za kugandishwa, mwanga unapita mpaka chini kwenye mishipa ya damu na unarudi wa pinki. Pale palipoanza kubadilika, viini ni vikubwa, vimebanana, protini zimejaa mpaka tabaka za juu, siki ikizigandisha mwanga haupiti unarudi mweupe. Doa jeupe, lenye kingo. Baada ya muda linafifia. Hakuna umeme mwingi, hakuna mashine, ni siki na jicho lililozoea.

Na kwa nini viini vinajaa hadi juu? Kirusi cha HPV. Hiki kirusi hakina kimeng'enya chake cha kunakili DNA, kinataka cha kwako, lakini kinaishi kwenye seli za juu ambazo zimeshaacha kugawanyika na zimeshazima ile mitambo. Kwa hiyo kimekuja na protini mbili, E7 inaikamata RB, E6 inaipeleka p53 kubomolewa. Seli ya juu iliyotakiwa iwe imestaafu inarudi kazini. Ukipaka Ki-67 kwenye ngozi yenye afya ya mlango wa kizazi unaona mstari mwembamba wa kahawia chini tu, kule kunakotakiwa kugawanyika. Kwenye mabadiliko ya HPV ile kahawia inapanda, theluthi ya chini, nusu, mpaka juu kabisa. Protini ni ileile! Iliyobadilika ni mahali. Mimi hii picha naipenda kuliko zote kwenye kazi yangu, ningeweza kufundisha kansa nzima kwa slaidi hizo mbili zikiwa zimewekwa pamoja.

Aina ya 16 na ya 18 za HPV ndo zinasababisha kama asilimia 70 ya kansa ya mlango wa kizazi, Harald zur Hausen alipata Nobeli 2008 kwa kulifungua hilo. Kutoka kuambukizwa mpaka kansa kamili ni kama miaka 15 mpaka 20, kwa mwenye kinga dhaifu ni 5 mpaka 10, huo ni muda mrefu sana wa kumkuta adui bado mdogo na kumuunguza au kumgandisha kwa baridi ukarudi nyumbani siku ileile. Chanjo nchini tumeanza kuwapa mabinti nchi nzima 2018. Na muelewe pia kwamba siki nayo hudanganywa, mlango wenye uambukizo au unaojitengeneza baada ya kidonda nao unaweza kuwa mweupe mweupe, kwa sababu unagawanyika. Kwa hiyo ukiambiwa una weupe usianze kugawa vyombo.

Kuna mama aliniuliza, ripoti ya kinyama cha mwanawe imeandikwa Ki-67 karibu asilimia 100, hii si ndo kifo? Nikamwambia hapana, soma jina la ugonjwa. Ilikuwa limfoma ya Burkitt, ile kansa ya kuvimba taya kwa watoto kwenye nchi zetu za malaria, Denis Burkitt aliieleza 1958 akiwa Uganda. Kwenye hiyo kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye ya 14, na protini inaitwa MYC inawaka bila kuzimwa, kila seli inagawanyika, uvimbe unaweza kuwa mara mbili ndani ya siku moja au mbili. Inatisha. Lakini kwa sababu kila seli iko kazini dawa inazikuta zote, na watoto wanaowahi matibabu wengi wanapona. Kansa ya tezi dume kwa upande mwingine mara nyingi Ki-67 iko chini kabisa na bado ni kansa. Asilimia peke yake haikwambii kitu bila jina mbele yake.

Nipite haraka kwenye kansa ya matiti. Kuna protini ya kiini ya kupokea homoni ya estrojeni, tunaipaka, seli zikishika hata asilimia 1 tu daktari anaweza kumpa mgonjwa vidonge vya tamoksifeni, vya kuizuia homoni hiyo. Ila hiyo protini inaharibika kinyama kikichelewa kuwekwa kwenye fomalini. Nimeshapokea kipande kimesafiri siku nzima kwenye basi ndani ya glavu iliyofungwa fundo, kikavu, na hapo majibu yakitoka hasi sijui kama ni kansa isiyo na hiyo protini au ni joto la njiani. Ndugu wa mgonjwa, ukikabidhiwa kichupa hakikisha kina maji ya fomalini na kinyama kinaelea humo. Uliza bila aibu.

Swali la mwisho lilitoka nyuma, kijana mmoja wa chuo, akasema amesoma kuna kipimo cha mkojo cha kansa ya kibofu kinachotumia protini ya kiini, kwa nini hatuletewi sisi tuliokulia kwenye kichocho. Hilo swali lilinifurahisha sana. Kipo kweli, kinaitwa NMP22, na protini yenyewe inajulikana pia kama NuMA, kazi yake halali ni kusaidia kupanga zile nyuzi zinazovuta kromosomu seli ikigawanyika. Seli za kansa ya kibofu zikifa zinaimwaga kwenye mkojo kwa wingi, Marekani waliruhusu kitumike tangu miaka ya 90.

Sasa fikiria kibofu cha mtu wa vijijini kwetu aliyeoga mtoni tangu utoto. Mayai ya kichocho yamekwama kwenye ukuta, kidonda kinapona kinachubuka kinapona kinachubuka, miaka na miaka, seli zinagawanyika kuziba, zinakufa, zinamwaga protini zilezile. Kipimo kitasema chanya kwa watu ambao hawana kansa, na hata kule kwao mawe na uambukizo wa mkojo vinakidanganya. Na huko kugawanyika kwa miaka juu ya kidonda ndo kunakofungua njia ya kansa yenyewe, kichocho cha mkojo kimewekwa kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya kansa tangu 1994. Kwa hiyo nilimjibu, mdogo wangu, kwetu anza na kupima mayai kwenye mkojo, meza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa uzito wako. Ukishatibiwa damu ikaendelea kutoka kwenye mkojo, hasa kama umeshapita miaka 40, hapo usikubali kupewa dozi ya pili na ya tatu ya dawa ileile, omba uonwe na daktari wa njia ya mkojo aingize kamera anyofoe kinyama. Kitakuja kwetu, tutakipaka shabu na hematoksilini tuviangalie hivyo viini vyenyewe.